Kirikuu Kinachokata Pumzi

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mgomvi. Watu wa Zinga watakwambia mengine, lakini waulize kama wamewahi kupika pilau ya harusi nzima kwa kuni mbichi, huku bibi mmoja amekaa pembeni anakuuliza chumvi umetia. Kazi ile inataka sauti. Mimi ni Ashatu, mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, kipaimara cha watoto wa Kikristo, zote napika, na masufuria yangu hutembea kwenye kirikuu, kile kigari kidogo chenye bodi wazi nyuma na injini chini ya kiti cha dereva.

Basi kirikuu hicho kikaanza kukata pumzi. Kikisimama kinaunguruma vizuri, utakipenda. Kikitembea mwendo wa polepole, hakina neno. Nikikanyaga mafuta tu nipande mwinuko, kinakohoa, kinatetemeka, kinazima. Nakaa kando ya barabara nawalaani waliokitengeneza, nawasalimu wanaopita, halafu nikipiga stata kinawaka utadhani kilikuwa kinanitania. Bora gari life moja kwa moja ujue umefiwa.

Na wiki yenyewe kilichagua! Jumamosi ile mdogo wangu Samia alikuwa anamwoza binti yake, Tatu, kule kwake Makurunge, na mpishi nilikuwa mimi. Kwa mtu mwingine ni kazi kama kazi nyingine. Kwangu haikuwa hivyo, maana mimi na Samia tulikuwa hatusemeshani tangu arobaini ya mama yetu. Siku ile nilipika mimi, chakula kikaisha watu wengine hawajala, na Samia akasimama mbele ya kadamnasi akasema kimeisha kwa sababu nusu yake imeshakwenda Zinga nyumbani kwa dada. Mimi! Niibe chakula cha hitima ya mama yangu! Nilikusanya masufuria yangu nikaondoka, na tangu hapo Idi zikawa zinakuja na kupita hatupeani hata salamu.

Sasa wiki moja kabla ya harusi namwona huyo mlangoni, kajitanda khanga, macho chini. Akasema, "Dada, Tatu kasema asipopika mama mkubwa, yeye hataki harusi ya mtu." Hakuomba radhi, nami sikumdai. Nilimkaribisha, akala, akalala kwangu, asubuhi akaondoka. Ile arobaini hatukuigusa, kila mmoja anaizunguka. Lakini nilijua nikienda Makurunge nikapika, tukashinda pamoja jikoni, basi yatakwisha. Na nisipotokea, au nikitokea nimechelewa watu wana njaa, ndiyo tumezikana. Hayo ndiyo niliyoyabeba moyoni, na kirikuu nacho kinakohoa.

Nikaanza kwa Feisal. Feisal ana gereji hapa hapa Zinga, kijana mwenye adabu, na mama yake ni shoga yangu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, njoo unisikilizie hiki kidude." Akaja, akakiwasha, akakipiga resi kidogo, akatikisa kichwa kama wanavyotikisa mafundi wote duniani. Akanyanyua kiti aione injini. Akaangalia. Akakirudisha kiti polepole sana, kama mtu aliyefunua sufuria la wenyewe.

"Ni plagi, shangazi," akasema.

"Una hakika?"

"Plagi hizi zimechoka."

Akabadilisha plagi. Kufika kwenye mwinuko wa kwanza, koho koho, kimezima. Nikarudi nimefura. Feisal akaniambia basi labda tatizo limezidi uwezo wake, niende Bagamoyo mjini kwa mzee Bwanausi, yeye ni mkongwe wa magari haya. Nikamwambia kama ulijua ni la Bwanausi, plagi zangu za zamani umezitolea nini? Akainamisha kichwa akatafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Mzee Bwanausi ana miwani iliyofungwa kwa waya na heshima ya mji mzima. Huyu hata resi hakupiga. Nilimweleza dalili, akasema "mhm", nikamweleza tena, akasema "mhm." Akanyanyua kiti. Akaangalia kwa muda. Akaniangalia mimi. Akasema "Bismillahi" chini chini, akateremsha kiti.

"Binti yangu, hii ni pampu ya mafuta."

"Mzee, umeangalia dakika ngapi ukajua ni pampu?"

"Mimi na magari tumeanza kujuana wewe hujaolewa."

Haya, nikamwachia. Akabadilisha pampu, na kazi yote akaifanyia kwa chini, kalala mvunguni, hakurudi kwenye kile kiti hata mara moja. Nikaona ndio ufundi wa kizamani. Nikaondoka nimefurahi, nikamshukuru, nikaahidi kumletea sahani ya pilau. Hata Kiromo sikufika. Ule mwinuko mdogo, ambao mtu mwenye baiskeli anapanda huku anaongea na simu, kirikuu kikapiga kohozi moja kikazima. Wallahi nililia. Nilishuka nikakipiga teke tairi, nikaumia kidole, nikalia tena kwa ajili ya kidole.

Nilimpigia simu mzee Bwanausi. Sikumtukana, maana ni mtu mzima, ila nilimuuliza maswali kwa sauti ambayo hata wauza machungwa ng'ambo ya barabara waligeuka. Akanisikiliza, kisha akasema, "Binti yangu, nenda Mapinga kuna kijana anaitwa Noel, ana kompyuta ya kupimia. Na, binti yangu... wewe mwenyewe si unajua." Nikamuuliza najua nini? Akakata simu. Mzee wa watu akanikatia simu!

Ilikuwa Ijumaa asubuhi nilipoingia kwa Noel. Alasiri natakiwa niwe Makurunge, mchele uchambuliwe, viungo vitwangwe, nyama ikatwe. Masufuria nilikuwa nimeshayapakia na miko na kila kitu, maana nilisema kikipona tu, naunganisha. Noel ni kijana wa bara, mrefu, amevaa ovaroli safi isiyo na doa, na ukutani kwake kuna maandishi makubwa kwamba gereji hii imefunikwa kwa damu ya Yesu. Nikasema moyoni, haya, twende, hata damu itasaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kinakata pumzi kikipanda. Plagi mpya, pampu mpya. Usiniambie plagi wala pampu, nitazimia hapa."

Akacheka, akaleta kompyuta yake na waya wake, akachomeka mahali. Kompyuta ikawaza. Tukasubiri. Akasema, "Mama, inasema hakuna kosa." Nikamwambia basi iambie hiyo kompyuta ikapande nacho kilima. Ndipo akasema ngoja niangalie kwa macho, akanyanyua kiti.

Akaruka nyuma hatua kadhaa. "Kwa jina la Yesu!"

"Nini? Nyoka?"

"Mama, mimi nimeokoka. Siwezi kufanya kazi kwenye gari lenye kitu hicho. Toa kwanza hicho kitu chako, ndipo nitengeneze."

"Kitu changu gani?"

"Hicho!"

Nikainama nikachungulia. Pale kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa kuipeleka kwenye injini, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa chekundu, kimefungwa kwa uzi mweusi, mafundo juu ya mafundo, na uzi umezungushwa kwenye bomba kisidondoke. Nikarudi nyuma na mimi. Mimi mtu wa pwani, sihitaji kuambiwa kitambaa chekundu na uzi mweusi ni nini.

"Hiki si changu," nikasema.

Noel akaniangalia kama polisi anavyomwangalia mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Nikaapa. Nikaapa tena. Akanielekeza kwa kidole, mkono wake ukiwa mbali: gari likienda polepole, hewa inapita pembeni ya kifurushi, ukikanyaga mafuta, injini inavuta kwa nguvu, kifurushi kinavutwa kinaziba mdomo, gari linakosa pumzi, likizima, kinalegea, kwa hiyo linawaka tena. Kazi ya kukitoa kile tu. Fundi yeyote angeona.

Fundi yeyote angeona! Nikatoa simu nikampigia Feisal.

"Feisal, wewe uliponyanyua kiti changu uliona nini?"

Nikasikia spana inaanguka.

"Feisal!"

"Niliona, shangazi."

"Uliona! Na ukajua ndicho kinachoziba?"

"Nilijua. Lakini shangazi, ningekuuliza vipi? Wewe mpishi, una washindani, nikajua umejikinga. Kila mtu na kago lake. Nikiligusa likanidhuru mimi je? Nikaona nibadilishe plagi, labda mwenyewe utaelewa ukalisogeze."

"Ulibadilisha plagi ili nielewe?"

"Na mzee Bwanausi naye alinipigia," akasema. "Akaniuliza, yule shangazi yako ndiyo mambo yake haya? Nikamwambia mimi sijui, sisi tunamheshimu tu."

Loo! Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, lakini hawa walikuwa wananifichia uchi ambao hata si wangu. Mji mzima wa mafundi unaniona mwanamke wa makago, unanisalimia kwa adabu, unanibadilishia pampu! Nilimwambia Feisal maneno ambayo mama yake akiyasikia tutakosana, nikakata.

Halafu hasira zikageuka upande mwingine. Kama si kago langu, basi ni la nani? Gari langu hulala uani, geti limefungwa. Ndani ya mwezi ule hakuna mgeni aliyelala kwangu isipokuwa mmoja.

Samia.

Nilikaa juu ya ndoo ya oili ya Noel nikaona yote yakijipanga. Amekuja macho chini, amekula chakula changu, amelala kitandani kwangu, na siku mbili tatu baadaye, kulitoa tu, gari likaanza kukohoa. Kwa nini? Ili nisifike! Nishindwe, watu walale njaa, na yeye asimame tena mbele ya watu aseme, mmeona, si niliwaambia dada yangu ni mtu wa aina gani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni! Iliniuma mpaka nikashindwa kulia.

"Mama, pole," Noel akasema. "Nikuombee?"

"Niazime koleo."

"Koleo langu? Hapana mama, hilo nakataa."

Basi nikachukua mwiko wangu mrefu wa pilau, nikaukata ule uzi kwa kisu cha vitunguu, nikakikung'uta kifurushi kikadondoka ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaufunga mfuko nje, nyuma ya bodi, maana sikutaka kisafiri pamoja na masufuria ya kulia watu. Noel akafanya maombi mafupi juu ya injini, akakataa kuchukua chochote kwangu. Nikapiga stata.

Kirikuu kilikwenda! Nakwambia kiliruka. Miinuko yote iliyokuwa inanidhalilisha nikaipanda naimba, ila si kuimba, nilikuwa nasema peke yangu. Zinga nikapita sikusimama. Bagamoyo nikapita, nikakata barabara ya Msata, masufuria nyuma yanagongana kama ngoma, na mimi kila nikiona kinavyopanda vizuri ndivyo nilivyozidi kuamini. Kwani kama lilikuwa si kago, mbona kulitoa tu gari limepona? Maneno niliyapanga yote njiani. Niliyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho.

Kwa Samia uwanja ulikuwa umejaa wanawake, mikeka imetandikwa chini ya turubai, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu. Waliponiona wakapiga vigelegele. "Mpishi huyoo!" Samia akanyanyuka na ungo mkononi, anatabasamu kabisa. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

Nikaufungua mfuko nikakitupa kifurushi katikati ya mkeka.

"Chukua kago lako, Samia! Nimelitoa! Umenilisha sumu ya maneno kwenye arobaini ya mama yetu, haikukutosha, umekuja mpaka kwangu, umekula, umelala, umeniwekea uchawi garini nisifike kwenye harusi ya mwanao! Nimefika! Haya, sema tena mbele ya watu!"

Vigelegele vilikatika. Mama mmoja akavuta mtoto wake kutoka kwenye mkeka. Samia aliangalia kile kitu chekundu, akaniangalia mimi, na tabasamu likawa linaondoka taratibu mpaka likaisha. Akaweka ungo chini. Akakiokota kwa mkono wake mtupu, watu wakaguna, akaanza kufungua mafundo, moja moja, bila haraka. Kitambaa kikafunuka. Ndani mlikuwa na pilipili kichaa zilizokauka, karafuu, na vitunguu saumu vilivyosinyaa.

Upepo ukapita. Mama aliyekaa karibu akapiga chafya, mwingine akafuata, na mimi nikapiga chafya ambayo ilikata hotuba yangu yote.

"Ni panya, dada," Samia akasema. "Usiku ule sikulala. Panya wanacheza kwenye gari lako mpaka alfajiri, wanafuata chembe za pilau. Nikaona watakukatia nyaya, na wewe ndiwe unayekuja kunipikia. Asubuhi kabla hujaamka nikaenda jikoni kwako nikafunga hivyo vitu, nikanyanyua kiti, nikaona tundu kubwa la bomba, nikasema hapa ndipo wanapoingilia. Nikaziba. Nilisahau kukwambia. Kitambaa ni cha shela ya zamani ya Tatu, ndicho nilichokuwa nacho kwenye mkoba."

Wanawake wakaanza kucheka. Walicheka huku wanapiga chafya, wanafuta macho, wanasema "Maskini, tundu la panya!" Samia hakucheka. Na mimi nilitamani ile mikeka initafune. Nilikuwa nimesimama pale pale mbele ya watu, nimemnyooshea kidole mdogo wangu kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, na siku moja tu kabla ya harusi ya mwanawe.

"Kwa hiyo uliamini nimekuroga," akasema.

"Niliamini."

"Tangu lini?"

"Tangu Mapinga. Leo asubuhi."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

Akageuka akakiangalia kirikuu kilichosimama pale na mzigo wake, kimefungwa kamba vizuri, miko imechomoza juu.

"Na masufuria umeyaleta," akasema.

Sikuelewa anachouliza. "Sasa? Tatu kanikosea nini? Watu wangekula nini kesho?"

Samia akajifunika mdomo kwa khanga. Mabega yakawa yanamtetemeka, nami sikujua analia au anacheka, nikapiga hatua nimwombe radhi. Kisha akaiteremsha khanga, akawageukia wale wanawake waliokuwa bado wanapenga makamasi, wengi wao walikuwepo siku ile ya mama.

"Mmesikia jamani?" akasema, sauti inakatika. "Anaamini nimemroga na bado kaja kunipikia. Huyu ndiye mliyenisikia nikisema kaiba chakula cha arobaini."

Hakusema zaidi. Akaenda nyuma ya kirikuu, akafungua kamba, akaanza kulivuta lile sufuria kubwa kuliko yote peke yake. Nikamwambia aache, litamvunja kiuno, nikashika mkono wa pili wa sufuria.